Mkondo wa Maji na Umbo la Vifaranga wa Trauti
Hotuba ya Katibu katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Trauti si mwenyeji wa mito yetu. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti, na mto wa Gura ukapandwa samaki hao mwaka 1905. Asili yake ni maji baridi yaendayo mbio, naye huelekeza kichwa kule yatokako maji. Nayasema hayo kwa kuwa wako wanunuzi wanaotaka kupunguza bei, wakidai kwamba vifaranga wetu ni wembamba.

Ni wembamba, ndiyo. Lakini si wembamba wa njaa. Kifaranga aliyelelewa katika mkondo wa kadiri huogelea daima, mwili wake ukawa mwembamba mbele na wenye misuli minene karibu na mkia. Aliyekaa katika maji yaliyotulia huwa wa mviringo, naye hupendeza macho. Tena penye mkondo samaki hushika njia moja, wakapunguza kuumana mapezi, na chakula hugeuka nyama badala ya kupotea vitani. Basi tuwapime kwa mizani, si kwa macho.

Walakini maji yakizidi nguvu, chakula chote huishia katika kuogelea, samaki asikue. Walio wachanga kabisa hudhurika zaidi, maana mifupa yao haijakomaa. Kwa wafugaji wa samaki wa bahari ya Mediterania imeonekana kwamba mkondo mkali huweza kupinda uti wa mgongo wa vifaranga. Mnunuzi akimkataa kifaranga wa namna hiyo ana haki, nami sitamtetea muuzaji.

Kadiri ni ipi? Kwa sekunde moja maji yaende mwendo ulio sawa na urefu wa samaki mwenyewe, au urefu huo na nusu yake. Tupa jani majini, uhesabu: kwa kifaranga wa sentimita 5, jani lipite mita 1 kwa sekunde 20 hivi, kwa wa sentimita 10, kwa sekunde 10. Hivyo mlango wa mfereji hufunguliwa kidogo kidogo kadiri wanavyokua. Wala usiubane mno, kwani maji ndiyo yaletayo hewa na kuondoa uchafu. (Ubishi wa zamu za maji naujua, una mkutano wake.)

Halmashauri inaomba vifaranga wauzwe kwa uzito, na wenye migongo iliyopinda watengwe kwanza. Kura itapigwa saa tisa. Kabla ya hapo mifereji yote miwili i wazi kwa mwanachama atakaye kuja na jani lake.