Gesi ya Friji Inakwenda Wapi?

Fundi wa friji anapokata paipu na kuiachia gesi ya zamani ifuke hewani kabla ya kujaza mpya, sisi wenye friji huwa tumesimama kando na swali moja: ni shilingi ngapi? Leo tuongeze la pili: hiyo gesi iliyotoka inakwenda wapi?

Kwanza inasambaa katika troposfia, tabaka la chini kabisa la angahewa. Huku kwetu kwenye ikweta kimo chake ni kilomita 16 hadi 18, karibu sawa na kutoka katikati ya Nairobi hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Humo ndimo zinamotokea mvua za masika na za vuli, na humo ndimo tunamovuta pumzi: nitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21, na gesi nyingine kidogo sana. Nayo hewa hii hupungua haraka ukipanda. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kila pumzi inakupa takriban nusu tu ya oksijeni unayoipata Tanga.

Juu ya hapo ni stratosfia, inayofika kilomita 50. Huko ndiko kuliko na ozoni, oksijeni iliyoungana atomu tatu tatu, inayozuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno kutoka kwenye jua. Miale hiyo huleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na hudhuru mimea. Juu zaidi yako matabaka mengine, ambako vimondo vingi huungua visitufikie.

Sasa turudi kwa fundi. Mwaka 1974, wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za friji za wakati ule, zenye klorini, hupanda taratibu hadi stratosfia. Jua huzivunja huko, na chembe moja ya klorini huangamiza maelfu ya chembe za ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kuwa ozoni ya Antaktika imepungua vibaya. Tarehe 16 Septemba 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal, na leo nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeuridhia. Umefanya kazi: ozoni ya sehemu kubwa ya dunia inatarajiwa kurudi katika hali ya mwaka 1980 ifikapo 2040 hivi, na ya Antaktika ifikapo 2066 hivi.

Lakini gesi zilizochukua nafasi ya zile za zamani, kama R-134a, haziigusi ozoni, ila zinanasa joto. Joto kiasi tunalihitaji. Bila gesi zinazolihifadhi, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Tatizo ni kuzidisha, na kilo moja ya R-134a hunasa joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2016, mataifa yalikutana Kigali, hapa hapa Afrika Mashariki, yakakubaliana kuzipunguza.

Maoni yangu ni haya: mikataba hii husainiwa na mawaziri, lakini anayeitekeleza ni fundi wa mtaani. Huwezi kumlaumu kwa kuachia gesi ikiwa hana mashine ya kuikusanya wala hakufundishwa kuitumia. Serikali zetu zimpe vyote viwili, na zibane friji na viyoyozi vya mitumba vinavyoingia bandarini na gesi ambazo wenzetu wameshazikataa.

Nawe msikilizaji, friji inayojazwa gesi kila baada ya miezi michache inavuja. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Mwambie fundi atafute tundu na alizibe kwanza, ndipo ajaze. Utaokoa fedha zako, na utailinda hewa tunayoishi ndani yake sote.