Tuulize, Lakini Tumuulize Nani?

Kabla ya kugawa futari mwataka tufanye uchunguzi wa mahitaji mtaani. Vizuri. Lakini sikilizeni: mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48! Majina mengi lilitoa kwenye orodha za wenye simu na magari, na enzi zile za dhiki masikini angevipata wapi? Basi nasi tukiuliza safu ya mbele msikitini pekee, mjane aliye nyumbani na wanawe atasikika vipi? Tupige hodi nyumba kwa nyumba. Mlango usiofunguliwa leo, turudi kesho. Na kina mama waulizwe na kina dada.