Lazaro Amelala Mlangoni Petu

Dominika ya 26 ya Mwaka C
Masomo: Amosi 6:1, 4-7, 1 Timotheo 6:11-16, Luka 16:19-31



Tunawaletea salamu kutoka Nyamisangura, katika mji wa Tarime, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Sirari. Wengi mliozaliwa huku hamkai tena huku. Mko Mwanza, mko Arusha, na walio wengi mko Dar es Salaam. Zamani mlipotuletea habari zenu mlitueleza juu ya kazi na shule za watoto. Siku hizi mnatueleza zaidi juu ya mtaa: taka zilizooza kwa kuwa gari halikupita, mtaro ulioziba, bomba lisilotoa maji, taa ya barabarani iliyozimika, muziki wa baa usiku kucha, na jirani anayetapisha choo chake mvua inaponyesha ili uchafu uchukuliwe na maji hadi kwa mwingine. Kisha mnamalizia kwa neno moja: "Padri, tumechoka."

Leo tunataka kulitazama neno hilo katika mwanga wa Injili tuliyoisikia.

Yesu anatusimulia habari za tajiri mmoja aliyevaa nguo za zambarau na kufanya karamu kila siku. Mlangoni pake alikuwa amewekwa maskini Lazaro, mwenye vidonda vingi. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Injili haisemi kwamba tajiri yule alimpiga Lazaro, wala kwamba alimtukana au kumwibia. Kosa lake ni kwamba alitoka na kuingia kila siku katika lango lile, na jambo lililokuwa nje ya lango hakulihesabu kuwa lake. Nabii Amosi naye, katika somo la kwanza, anawakemea watu waliostarehe juu ya vitanda vya pembe za ndovu wala hawakuhuzunika kwa maangamizi ya taifa lao.

Je, mtaa ni nini kama si mahali pale panapoanzia nje ya lango letu? Ndani ya ukuta tunafagia, tunapanda maua, tunaweka taa. Nje ya ukuta tunasema, "Hapo ni pa serikali." Na kwa kuwa kila nyumba yasema hivyo, mtaa mzima unakuwa kama yatima mwenye wajomba wengi.

Tuutazame mji wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, nao wote wanahitaji maji, njia, choo na mahali pa kutupa taka. Mwenye kipato kidogo hujenga pale anapoweza, hata kama ni bondeni. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, Mto Msimbazi ukafurika, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha katika mji huo. Baadhi ya waliookoka walihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao na jirani zao. Mwezi Agosti 2015 ukazuka kipindupindu katika mji huo huo, kikaenea mikoa mingine. Ndipo tarehe 9 Desemba mwaka ule sherehe za Uhuru zikafutwa, na Rais John Magufuli akaonekana akizoa taka kwa mikono yake karibu na soko la samaki. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mambo hayo yalikuwa mema. Lakini chupa tupu inayotupwa dirishani mwa daladala haitazami kalenda. Huteremka na maji hadi bondeni, na aliyeitupa huko juu hamwoni mama anayechota tope chumbani mwake huko chini.

Turuhusuni tuwasimulie kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja ya mjini tuliyoihudumia, tulijenga ukuta mpya kuzunguka kanisa. Fundi alituonya kwamba msingi ulikata njia ya maji. Tukamjibu kwamba maji yatatafuta njia yake. Kweli yaliitafuta. Masika yaliyofuata yaliingia nyumbani kwa mama mmoja mjane, muuza dagaa, yakaharibu unga wake na madaftari ya wajukuu wake. Mama huyo alikuwa akisali nasi kila Dominika. Alikuja ofisini, akaketi, akasema kwa upole, "Padri, maji yenu yamelala kwangu." Tukaanza kumweleza habari za mitaro ya mji na wajibu wa wahusika. Akatusikiliza hadi mwisho, kisha akarudia, "Ni maji yenu, Padri." Tulibomoa sehemu ya ukuta tukaweka kalavati. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko chakula cha siku ya kuuzindua ukuta ule. Lazaro wetu alikuwa mlangoni, nasi tulikuwa tukihubiri juu yake.

Wapendwa, Maandiko yanatufundisha kutofautisha kilio na manung'uniko. Waisraeli walipolia utumwani Misri, Mungu alisikia, akamtuma Musa. Walipofika jangwani wakanung'unika, kila mmoja hemani mwake, na safari ikawa ndefu. Kilio hupelekwa kwa anayeweza kusaidia, nacho hulitaja jambo kwa jina lake. Manung'uniko huzunguka barazani, humchosha mnung'unikaji, wala mtaro hauzibuki. Mama yule hakunung'unika. Alilia mahali panapostahili.

Kwa hiyo hatuwaambii mnyamaze. Anayekusanya ushuru wa taka na asizichukue, anadaiwa. Anayegawa kiwanja juu ya njia ya maji kwa sababu ya bahasha, damu ya waliozama inamlilia kama damu ya Habili. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Hudhurieni. Ulizeni mapato na matumizi. Wazee wetu wa Kikurya walikuwa na iritongo, mkutano ambao jambo la wote lilisemwa mbele ya wote, na aliyekaa nyumbani hakuwa na la kulalamikia.

Lipo neno jingine, na tunalisema kwa uchungu. Magazeti yetu yamezoea kuandika juu ya "wananchi wenye hasira kali". Maana yake twaifahamu: kijana ameshikwa na kuku au simu ya mtu, akapigwa na kuchomwa moto barabarani. Hasira ya mtaa isipopata njia ya haki, humtafuta mnyonge wa kuibeba. Giza la taa isiyowaka, maji yasiyotoka, polisi aliyechelewa, vyote vinalipwa na kijana mmoja. Huyo naye ni Lazaro. Hakuna Mkristo anayeweza kutoka pale akaenda kupokea Komunyo kana kwamba alikuwa akitazama mpira.

Basi tufanye nini? Nehemia, alipoanza kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu, alipita kwanza usiku akaukagua ubomofu kwa macho yake. Kisha watu wakajenga, wengi wao kila mmoja mbele ya nyumba yake, na kazi ikaisha kwa siku 52. Maaskofu wetu wa Afrika ya Mashariki, katika miaka ya 1970, walitupatia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, nyumba chache zinazojuana kwa majina. Juma hili, baada ya kusoma Neno, Jumuiya yako itoke nje na kuutembelea mtaa wake. Waalikeni jirani Waislamu na wa madhehebu mengine, maana mtaro hauulizi dini. Chagueni jambo moja. Lile mnaloliweza, lifanyeni Jumamosi. Lile msiloliweza, liandikeni na kulipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, nanyi mrudi kuuliza jibu.

Tajiri yule alimwona Lazaro vizuri alipokuwa tayari kuzimu, na shimo kubwa lilikuwa kati yao. Sisi bado tuko hai, na kati yetu na jirani pana mtaro tu. Mtaro unavukika.

Ee Mungu Baba, utufumbue macho kabla ya jioni ya maisha yetu, tukamwone Mwanao mlangoni petu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.