Kazi za nje ya darasa si mchezo tu

(Maneno ya mwandishi wa komisheni ya masomo mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka)



Leo kuko swali moja lililogawanya kamati. Ule msaada tunaowapa watoto wetu walio chuo kikuu, Uvira, Bukavu na Lubumbashi, ulipe minervali, chumba na fotokopi peke yake? Ama utoe pia franga kidogo kwa kazi za nje ya darasa: klabu ya Kifaransa, teatri, Msalaba Mwekundu, kwaya, mpira, sanduku la akiba la wanafunzi?

Wazazi wengine wamesema wazi: "Niliuza mihogo na samaki mtoto asome, si acheze." Neno hilo ni la haki. Anayelisema anajua uzito wa gunia. Kwa hiyo nitalijibu kwa mambo matatu ambayo sisi wenyewe tunayajua.

La kwanza ni Kifaransa. Wengi wa watoto hawa walizaliwa ama walikulia kambini, Nyarugusu na Lugufu, kule Kigoma. Shule zetu zilifuata programu ya Congo, na Kifaransa kilifundishwa. Lakini kengele ikilia, Kifaransa kilibaki ubaoni. Kwenye bomba la maji, sokoni na kanisani, ilikuwa Kiswahili na Kibembe. Basi mtoto anafika chuo kikuu anajua kuandika, lakini profesa akimuuliza mbele ya watu mia mbili, anainamisha kichwa. Wenzake wanacheka Kiswahili chake cha Tanzania, naye anazidi kunyamaza. Darasa la watu wengi namna ile halina nafasi ya kila mtu kusema. Nafasi hiyo iko kwenye klabu. Pale wako kumi na tano, kila mmoja lazima asimame. Akikosea anarekebishwa, wiki ijayo anasimama tena.

La pili ni kujulikana. Sisi tuliorudi kwa meli kutoka Kigoma kuanzia 2005 tunajua vile ilivyo: unarudi kwenu, unakuta shamba lina mtu, na ofisi haikujui. Mtoto wetu Bukavu ni vilevile, hana mjomba kwenye ofisi. Na sasa masomo ni ya LMD: kredi 60 kwa mwaka, 180 kwa miaka mitatu ya lisansi, na ndani yake kuko kazi ya mwanafunzi mwenyewe na staji. Nani atampokea kwa staji? Mara nyingi ni mtu aliyemwona akifanya kazi. Mnakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira na nyumba zikaenda na maji. Vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliingia kwenye matope kusaidia watu. Kijana aliyekuwa kati yao hahitaji barua ndefu kueleza kama anajua kutumika.

La tatu ni kushika mambo ya watu. Angalieni kikao hiki: kuko mwenyekiti, kuko daftari, kuko hesabu, mtu anaomba neno kabla ya kusema. Nani alitufundisha? Wengi wetu tulijifunza kambini, kwenye kamati ya maji, kwenye kwaya, kwenye timu ya mpira. Hakuna aliyetupa diploma ya ile kazi, lakini bila hiyo shirika letu lisingekuwako. Mwanafunzi akishika sanduku la wenzake ishirini, akaandika kila franga na kujibu hesabu mwisho wa mwezi, huyo ndiye atakayeshika daftari letu sisi tukizeeka.

Sisemi kila kikundi ni kizuri. Kuko ile desturi ya kuwatesa wanafunzi wapya na kuiita mapokezi. Kuko watu wa siasa wanaonunua vijana kwa bia wakati wa uchaguzi. Na kuko kikundi kinachoanza saa mbili za usiku, binti yako arudi na nani? Tena mabinti ndio wanaokosa zaidi, kwani wakitoka darasani, kupika na kuteka maji kunawangoja.

Kwa hiyo komisheni inapendekeza hivi. Kila mwanafunzi achague kazi moja tu, na mzazi aijue. Iwe ya mchana, ili mabinti nao wapate. Franga zake zisipite sehemu moja ya kumi ya msaada, na minervali ilipwe kwanza. Akianguka mitihani, tunasimamisha hizo franga mpaka ainuke. Na kila miezi sita atuandikie ukurasa mmoja: alifanya nini, alijifunza nini, franga zilienda wapi.

Ndugu wafadhili, hatuombi pesa mpya. Tunaomba mkubali tugawe hivi zile mnazotuma tayari.

Wazazi wangu, chuo kitampa mtoto karatasi, na karatasi ni ya lazima. Lakini siku atakayorudi hapa Baraka, tutamuuliza kama anaweza kusimama mbele ya watu, kushika mali ya wengine na kutumika na asiyemjua. Hayo anajifunza kwa kuyafanya.

Sasa naomba mikono: anayekubali, na asiyekubali, wote tuwaone.