Uma wa Mbele wa Pikipiki

Leo twataka kusema nanyi habari za uma wa mbele wa pikipiki ya BSA M20, iliyotumiwa sana na jeshi la Uingereza katika vita vya 1939 hadi 1945. Baadhi yake zingali zikienda, wala usukani wake si jambo la kupuuza: ukilegea, pikipiki yaweza kuyumba katika mwendo na kumwangusha mtu.

Kwanza twaiinua pikipiki hata gurudumu la mbele lisiguse chini, kisha twageuza usukani polepole. Ukinasa katikati, basi gololi zimechimba vishimo katika vikombe vyake, kwa kuwa njiani usukani huelekea mbele karibu sikuzote, na kila kishindo hupiga pale pale. Dawa yake si grisi, wala si kukaza nati. Hapana budi kubadili vikombe na gololi zote pamoja, maana gololi mpya katika kikombe kibovu huharibika upesi. Tunapofungua, twatandika nguo chini, kwani gololi zi huru, nazo hudondoka.

Kisha twatikisa viungo vya uma. Kikicheza kimoja, twabadili pini na bushi zake.

Mwisho twakaza nati kidogo kidogo, hata uma usicheze, wala usukani usiwe mzito. Baada ya safari fupi twapima tena, maana vikombe vipya hujikalisha. Saa moja ya subira yaweza kuokoa maisha ya mtu.