Chakula cha Mjini na Uzito wa Mwili



Katika mitaa ya Kariakoo, mtu akinenepa huambiwa kwamba amependeza. Na mwenye duka akiota kitambi husemwa kwamba biashara imemkubali. Sifa hizo zilianza zamani, wakati shibe ilipokuwa adimu. Leo hazina budi kuangaliwa upya. Kwa mujibu wa takwimu za afya za taifa, mwaka 1991–92 wanawake waliozidi uzito, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa 11 katika kila 100. Mwaka 2015–16 walifika 28, na wa mijini waliwazidi wa vijijini.

Mji wenyewe una sehemu katika jambo hili. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 uliwafuata watu 209 waliohama vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam. Baada ya mwaka mmoja uzito wao ulikuwa umeongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, na kazi za nguvu zilikuwa zimepungua sana. Kariakoo yaonyesha sababu yake waziwazi. Mpagazi asukumaye mkokoteni kutwa nzima huyatumia aliyokula. Muuza vitambaa aketiye kibarazani tangu asubuhi, akinywa chai ya sukari nyingi kwa maandazi, na mchana akila chipsi mayai kwa soda, huweka akiba asiyoihitaji.

Akiba hiyo hailali kimya. Mtu akijikata kidole, mahali pale huwa pekundu, hupata joto na kuvimba: askari wa mwili wamefika kupigana na vijidudu. Kidonda kikipona, askari hurudi kambini. Wataalamu huiita hali hiyo inflamesheni, nayo ni kinga njema. Lakini mafuta yakizidi, hasa ya tumboni, hutoa kemikali ziwaitazo askari hao kila siku pasipo adui. Huo ni moto mdogo usiozimika. Hauumi wala hauonekani. Hatimaye huizuia insulini kuifanya kazi yake ya kuingiza sukari katika viungo, ndipo njia ya kisukari inapofunguka. Huiharibu pia mishipa ya damu. Basi unene huuchochea moto, na moto huzidisha madhara ya unene.

Je, chakula peke yake chaweza kuuwasha au kuupoza? Jibu limetoka Kilimanjaro. Wataalamu wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walitangaza mwaka 2025 matokeo ya jaribio la wanaume 77. Wa vijijini waliolishwa chakula cha kizungu kwa wiki 2 walionekana katika damu kuwa na dalili za moto huo, na askari wao wakapungukiwa nguvu ya kupambana na vijidudu. Wa mjini waliolishwa chakula cha asili, chenye nafaka, maharage na mboga nyingi, dalili zao zilipungua; na sehemu ya mabadiliko hayo ilidumu hata wiki 4 baadaye. Jaribio lilikuwa dogo na la wanaume tu. Hata hivyo, vyakula vya kukaanga na mkate mweupe vilivyotumika huko ni ndugu wa vile vinavyouzwa Kariakoo kila siku.

Dawa, basi, imo katika soko lilelile. Ulezi, mtama, kunde, choroko, mchicha na bamia vimo Kariakoo, na vingi hulimwa na wanaushirika. Unga wa dona hubakiza pumba na kiini, ambavyo mashine ya sembe huviondoa.

Jambo hili lakihusu chama moja kwa moja. Mwanachama akiugua kisukari, meza yake sokoni hufungwa, lakini marejesho ya mkopo hayasubiri apone. Kwa hiyo yafaa kila chama kifanye mambo matatu. Kwanza, katika mikutano, soda na maandazi vipishe uji wa ulezi, matunda na maji. Pili, mganga wa zahanati aalikwe kuwapima wanachama uzito, kiuno, sukari na shinikizo la damu. Tatu, wakaao kibarazani wapangiane zamu za kutembea. Na mnene asichekwe: aibu haijapata kumpunguza mtu kiuno.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kiasi cha milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Mwaka 1975, ule ule lilipofunguliwa jengo la Soko Kuu la Kariakoo, ikafuata Chakula ni Uhai. Siku hizo adui alikuwa upungufu. Leo upungufu haujaondoka, na ziada imeongezeka juu yake. Njia ya kuushinda ni ileile: kukutana, kuelezana ukweli, na kuanza na sahani iliyo mbele ya kila mmoja.