Hati ya Shamba Iko Wapi?

Neno letu la leo latoka katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 32, kuanzia mstari wa 6 hadi wa 15. Mwenye Biblia karibu na afungue. Anayepika na aendelee kupika huku akisikiliza.

Twataka kusema juu ya utaratibu wa nyumbani, kuweka vitu mahali pake. Huenda mtu akasema kwamba hayo si mambo ya mahubiri, ni mambo ya mama na ufagio wake. Tungojane kidogo.

Mji wa Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli. Njaa imeingia mjini. Yeremia mwenyewe ni mfungwa, amewekwa katika uwanda wa walinzi kwa sababu maneno yake yamemchukiza mfalme Sedekia. Ndipo binamu yake, Hanameli, anakuja kumwuzia shamba lililoko Anathothi, kijijini kwao. Biashara ya ajabu! Nchi yote imejaa askari wa adui, na mnunuzi yumo kifungoni. Lakini Mungu amemwambia anunue, naye ananunua.

Sasa tuangalie jinsi anavyonunua, kwa maana mara nyingi hapo tunapita mbio tukisoma. Anapima fedha katika mizani, shekeli 17. Anaandika hati, anatia sahihi na muhuri, anaita mashahidi. Hati ni mbili: moja imefungwa kwa muhuri ili mtu asiibadili, nyingine iko wazi ipate kusomwa. Kisha, mbele ya watu wote walioketi pale, anazitia mkononi mwa Baruku mwandishi, na kumwagiza aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.

Nabii huyu alikuwa amekwisha kutangaza kwamba watu watakaa utumwani miaka 70. Alijua basi kwamba yeye hatalima shamba lile hata siku moja. Hati aliiweka kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa bado.

Ndugu msikilizaji, hati ya shamba lenu iko wapi?

Katika nyumba nyingi jibu ni moja: baba anajua. Ni jibu zuri maadamu baba yupo. Lakini tumeketi katika matanga mengi, na tumeona yanayotokea. Wageni wako nje wanaimba, na ndani godoro linainuliwa, masanduku yanamwagwa, mifuko ya makoti inapekuliwa. Kinatafutwa kitambulisho cha marehemu. Inatafutwa kadi ya hospitali. Mjane anaulizwa maswali ambayo hakuwahi kuambiwa majibu yake, na hata kulia hapati nafasi.

Baada ya mazishi kazi inazidi. Kwenda kortini kwa habari ya urithi kunahitaji cheti cha kifo, na barua ya chifu inayowataja walioachwa, na habari kamili za shamba lenyewe. Kama hati imepotea, itabidi kupiga ripoti polisi, kisha tangazo litolewe katika Gazeti rasmi la Serikali, na siku 60 zipite ndipo hati mpya itolewe. Siku 60 ni nyingi kwa mama ambaye shemeji yake amekwisha kuanza kusogeza mpaka.

Basi tufanyeje? Hakuna haja ya fedha nyingi. Lile sanduku la bati ambalo mtoto alikwenda nalo shule ya bweni linatosha kabisa. Liwekwe mbali na maji, panya na mchwa. Ndani yake kila mtu wa nyumba awe na bahasha yake yenye jina lake: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, vyeti vya shule. Mtoto akitakiwa kuandikishwa kwa mtihani wa taifa asiwe wa kurudishwa nyumbani kwa ajili ya cheti. Shamba nalo liwe na bahasha yake. Vyeti vya muhimu vitolewe nakala, nazo zikae nyumba nyingine, kwa mzazi au kwa mtoto aliyeoa, maana moto hauchagui karatasi. Wengine husema wamepiga picha kwa simu. Ni vema, tena ni vema sana. Lakini simu huibwa, na namba ya siri ya kuifungua mara nyingi iko kichwani mwa mtu mmoja tu.

Mara moja kwa mwaka tuyapitie yote. Karatasi zilizokwisha kazi ziondolewe. Bado ziko nyumba zinazotunza kadi ya NHIF kama dhahabu, hali bima ile ilikwisha na SHA ikaanza Oktoba 2024, na katika nyumba hizo hizo wako ambao hawajajiandikisha. Tuangalie pia jina la mrithi tuliloandika katika chama cha akiba na mikopo. Wako wanaume waliojiunga wakiwa vijana, wakaandika jina la mama yao. Mama amekwisha kufariki, mke na watoto wanne wapo, na jina halijabadilishwa mpaka leo. Na liwepo daftari, la kurasa 32 tu, la kuandika tunaowadai na wanaotudai. Deni lililoandikwa na baba mwenyewe halileti ugomvi kaburini.

Mambo madogo ya kila siku nayo yasidharauliwe: msumari mmoja wa kutundika funguo, sare na viatu vya watoto vitafutwe jioni badala ya alfajiri. Mkono uliozoea kurudisha kiberiti mahali pake hautashindwa kurudisha hati.

Lakini sanduku peke yake halifai kitu pasipo Baruku. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Baba aogopa kwamba mama akijua hati ilipo atakuwa na kichwa kikubwa, au kwamba kijana ataichukua akaiweke rehani. Hofu ya pili si ya bure; imewahi kutokea. Yeremia, hata hivyo, hakuificha hati yake peke yake. Aliikabidhi mbele ya mashahidi, kila mmoja akaona na kusikia. Jambo linalojulikana na mke, na mtoto mmoja mwaminifu, na labda mzee mmoja wa kanisa, ni vigumu zaidi kuibwa kuliko siri ya mtu mmoja. Na mume anayemficha mkewe shamba wanalolima pamoja ana jambo la kuzungumza na Mungu kabla hajatafuta sanduku.

Wengine watasema kwamba kupanga mambo haya ni kujiitia kifo. Tusome basi mbele zaidi, sura ya 39. Mji ulianguka, wengi walikufa, lakini yule aliyeandika hati na kuita mashahidi alitolewa katika uwanda wa walinzi akiwa mzima.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwambia mtumishi wako anunue shamba wakati wa vita, wakumbuke wajane na mayatima ambao wiki hii watasimama katika mistari ya ofisi wakitafuta karatasi ambazo hawajui zilipo. Uwape karani mwenye subira. Nasi ambao tungali hai, utupe ujasiri wa kufungua sanduku jioni ya leo, mbele ya wale tunaowapenda. Katika jina la Yesu. Amina.